Lugha Mpya, Prosesa Kuukuu: Historia ya Rust Ndani ya Kerneli, Ikitazamwa Kutoka Kibaha na Kisarawe

Baiskeli ya Phoenix yenye miaka arobaini bado inaweza kutoka Kisarawe mjini ikafika Maneromango, kwa sababu fundi wa barabarani ana spoku, ana mnyororo na ana tairi za kuiwekea. Kompyuta haina bahati hiyo. Inaweza kuwaka, feni ikazunguka, kioo kikaonyesha maandishi safi, na bado ikahesabika kuwa imekufa kwa sababu hakuna tena anayezifasiri programu mpya ziwe amri ambazo prosesa yake inazielewa. Tangu 2022 tatizo hilo limefika mahali nyeti kuliko pote: kwenye kerneli ya Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski na kadi ya mtandao, na inayoamua ni programu ipi itumie prosesa kwa wakati gani. Humo imeingizwa lugha mpya, Rust, na si kila prosesa inayoweza kuipokea.

Wanaoliamua jambo hili wako mbali na mkoa wa Pwani, zilipo Kibaha na Kisarawe. Lakini shule zetu, zinazotegemea kompyuta za msaada na za mtumba, zimo ndani ya matokeo yake. Nataka kueleza tumefikaje hapa.

1963–1974: Kibaha na marufuku

Uhuru wa Tanganyika ukiwa bado mbichi, Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikubaliana kufanya mradi wa pamoja Afrika. Mahali palipochaguliwa ni Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Kuanzia 1963 zikaanza kazi za kujenga shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali, na ndio leo Shirika la Elimu Kibaha. Upande wa Kisarawe, karibu na milima ya Pugu, ilikuwapo tayari Minaki, shule kongwe iliyotokana na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Elimu ya sekondari, kwa hiyo, si ngeni katika maeneo haya mawili. Ugeni ulikuwa wa mashine.

Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hadi 1974 zilikuwa saba tu nchi nzima. Mapema katika miaka ya 1970 wizara ilihamishia mahesabu ya serikali kwenye mashine za ICL 1900, na mambo yakaharibika: taarifa zilichelewa, hesabu hazikuaminika, na wataalamu wa kuzisahihisha walikuwa wachache na wengi wao wageni waliolipwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vya jamii hiyo, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Ni rahisi kuicheka amri hiyo leo, na si haki. Nchi yenye uhaba wa dola iliyouziwa mashine isiyoweza kuitunza ilikuwa na sababu ya kusema basi. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa mlango ulianza kufunguka tena katika miaka ya 1980, na katika miaka hiyo ya kungoja ndipo misingi kadhaa tunayoijadili hapa ilipowekwa kwingineko. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa Watanzania kuona kwamba uhai wa kompyuta huamuliwa na watu, si na nyaya zake.

1972–1991: C na mfasiri wa kila prosesa

Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, katika maabara za Bell nchini Marekani, Dennis Ritchie alitengeneza lugha ya C. Kufikia 1973 mfumo wa Unix ulikuwa umeandikwa upya kwa lugha hiyo. Kabla yake mifumo endeshi mingi iliandikwa kwa amri za prosesa moja, na ukihama prosesa unaanza upya. Kwa C unaandika mara moja, kisha unatafuta kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za prosesa husika.

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa kompaila ya GCC, bure, ikiwa na msimbo wake wazi. Nguvu ya GCC ni kwamba sehemu inayoielewa lugha imetenganishwa na sehemu inayotoa amri za prosesa. Kampuni ikiunda prosesa mpya, au mpenzi mmoja wa mashine za zamani akitaka mashine yake isisahaulike, anaongeza ile sehemu ya pili tu na programu zote za C zinamfungukia. Kwa miongo mitatu watu wakafanya hivyo: Alpha, PA-RISC, SuperH, Motorola 68000 na nyingine nyingi ambazo msomaji wa leo hajawahi kuziona. Prosesa hizo ziliendelea kuishi kwa sababu mfasiri wao hakuchoka.

1991–2004: Kutoka Helsinki hadi Mlimani

Linus Torvalds alizaliwa Helsinki mwezi Desemba 1969, wakati nchi yake ya Finland na wenzake wa Nordiki wakikaribia kuikabidhi Kibaha. Mwezi Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa ajili ya prosesa ya Intel 386 aliyokuwa nayo nyumbani, na akaonya kwamba huenda usihamishike kwenda kwenye mashine nyingine. Ulihamishika. Kwa kuwa uliandikwa kwa C na kugeuzwa kwa GCC, kufikia 1995 Linux ilikuwa ikiendesha mashine za Alpha, SPARC na MIPS, na orodha ikaendelea kurefuka.

Kwetu mambo yalikuja kwa mwendo wake. Mwaka 1997 ukaandaliwa muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari. Mwaka 2001 kodi za uingizaji wa kompyuta zikaondolewa, na 2003 ikatoka sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Kisha Nordiki ikarudi kwa mlango mwingine: kwa msaada wa Sweden, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, kikaendesha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Nauthamini sana mradi ule. Ulithibitisha kwamba pale msimbo unapokuwa wazi, watu wa mahali wanaweza kuibadili kompyuta ilingane na maisha yao bila kumwomba mtu ruhusa, na ulifaa kwa mashine za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa zimeshatumika kwingine.

Mashine zilizotufikia

Zilikuja za aina gani? Katika miaka iliyofuata baada ya kodi kuondolewa, ofisi za Ulaya zilikuwa zinaachana na Pentium III na kuhamia Pentium 4. Zile zilizoachwa zilipata njia mbili za kufika huku: msaada wa shule rafiki, kanisa au shirika, na maduka ya mtumba ya Kariakoo. Miaka michache baadaye zikafuata Pentium 4 zenyewe, halafu kompyuta ndogo za kupakata zenye Atom N270, prosesa iliyotoka 2008. Mawimbi yote matatu, ukiondoa Pentium 4 za mwisho mwisho, yalikuwa ya biti 32.

Hilo la biti ndilo litakaloamua mengi mbele, kwa hiyo tulieleze. Prosesa ya biti 32 hushughulikia anwani za kumbukumbu zenye tarakimu 32 za sifuri na moja. AMD ilitoa prosesa za kwanza za biti 64 za familia ya kompyuta zetu mwaka 2003, Intel ikaifuata 2004, na kufikia Core 2 Duo ya 2006 biti 64 zikawa kawaida kwenye mashine za mezani. Kompyuta ya Core 2 Duo na ya Pentium 4 zinaweza kuwa na kasha lilelile la kijivu juu ya meza moja ya shule, na hatima zao zikawa mbalimbali kabisa.

Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku kompyuta zilizotumika, kwa hoja ya taka za kielektroniki. Hoja ilikuwa ya kweli, lakini ilizua kilio cha shule na wafanyabiashara wasiokuwa na uwezo wa kununua mpya. Mwaka huohuo waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Ikawa sasa mashine kuukuu inaunganishwa na mtandao wa kasi, na kila dosari iliyomo ndani ya mfumo wake endeshi inafikiwa na mtu yeyote duniani. Kabla ya hapo virusi vilisafiri kwa flashi.

2006–2015: Lifti mbovu ya Vancouver

Mwaka 2006 Graydon Hoare, mwandishi wa programu wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, alirudi nyumbani kwake Vancouver, Canada, akakuta lifti haifanyi kazi kwa sababu programu yake imekwama, na yeye anakaa ghorofa ya 21. Akiwa anapanda ngazi alijiuliza kwa nini watu tunashindwa kutengeneza hata lifti isiyokwama, akaanza kubuni lugha kwa muda wake mwenyewe. Mozilla ikaanza kumsaidia 2009, na tarehe 15 Mei 2015 ikatoka Rust 1.0.

Tatizo alilolilenga linaonekana vizuri kwenye flashi hiyohiyo. Mwanafunzi anaichomeka, na draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ndani ya kerneli inatenga kipande cha kumbukumbu kwa ajili yake. Mwanafunzi anaichomoa ghafla, na draiva inakirudisha kipande kile kwenye akiba. Sekunde hiyohiyo kerneli inakigawa kwa kazi nyingine, tuseme kuhifadhi taarifa za aliyeingia kwa nenosiri. Lakini kuna sehemu nyingine ya draiva iliyokuwa bado imeshika anwani ya zamani, na sasa inaandika pale. Imeandika ndani ya mali ya mwingine. Mara nyingi kompyuta itaganda tu. Mshambuliaji stadi, hata hivyo, anaweza kulipanga tukio hilo hadi akawa bwana wa mashine nzima. Kompaila ya C kwa kawaida huyapitisha makosa kama haya bila neno.

Rust inakataa. Kila kipande cha kumbukumbu kina mwenyewe mmoja, na wengine wote wanaazima. Kompaila inafuatilia kila mwazima, na ikiona kuna njia ya mwenyewe kuondoka wakati kitu bado kiko mikononi mwa mwazima, inagoma kuitengeneza programu hadi mwandishi arekebishe. Kazi yote hiyo hufanyika kabla programu haijaendeshwa, hivyo mashine haipunguzwi kasi. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba karibu asilimia 70 ya dosari za usalama ilizokuwa ikizirekebisha kila mwaka zilitokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu, na mwaka uliofuata waundaji wa kivinjari cha Chrome wakatoa kiwango kilekile. Kwa shule isiyo na mtu wa usalama wa mtandao, lugha inayoziba nyufa hizo tangu kiwandani ni faida kubwa kuliko ilivyo kwa benki yenye wataalamu kumi. Mimi niko upande wa Rust.

Ila kompaila ya Rust haikujengwa juu ya GCC. Ilijengwa juu ya LLVM, mradi ulioanza mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Illinois, ulio safi na rahisi kuutumia, lakini unaozijua prosesa chache zaidi. Alpha iliondolewa humo, na PA-RISC na SuperH hazimo. Na hata kwenye familia ya Intel kuna mpaka. Rust inapotaja aina ya kompyuta iitwayo i686, jina ambalo tangu zamani lilihusu Pentium Pro na zilizofuata, inadai prosesa yenye amri za SSE2, yaani Pentium 4 kwenda mbele. Pentium III imebaki nje ya mstari huo.

2016–2021: Nyufa za kwanza

Mwezi Agosti 2016 Firefox 48 ikatoka na kipande cha kwanza kilichoandikwa kwa Rust, cha kusomea faili za video. Mwezi Aprili 2017 Firefox 53 ikaacha kukubali kompyuta za Linux zisizo na SSE2. Mwanzoni mwa mwaka huohuo maktaba ya programu iitwayo librsvg, ambayo huchora aikoni za skrini kwenye mifumo mingi ya Linux, ilikuwa ikiandikwa upya kwa Rust. Ghafla prosesa zisizo na kompaila ya Rust zikakosa uwezo wa kuchora aikoni, na Debian, mmojawapo wa mifumo hiyo ya Linux, ikalazimika kuzitunzia toleo la zamani la C.

Zogo kubwa likaja Februari 2021. Maktaba ya lugha ya Python iitwayo cryptography, inayotumiwa na programu zisizohesabika kwa usimbaji wa siri, ikatoa toleo la 3.4 linalodai Rust wakati wa kuijenga. Wenye Alpha, PA-RISC, Motorola 68000 na mashine za namna hiyo wakalalamika kwamba wameachwa bila taarifa ya kutosha. Watunzaji wakajibu kwamba hawakuwahi kuahidi kuzihudumia prosesa hizo, na kwamba usalama wa mamilioni ya watumiaji unatangulia.

Nimeupima ubishi ule mara nyingi. Watunzaji walikuwa na haki: mtu anayejitolea hana deni la kuitunza prosesa ambayo hajawahi kuigusa. Lakini walalamikaji nao walionyesha jambo ambalo halikuwa limesemwa wazi, kwamba kila anayechagua lugha huchagua pia mashine zitakazobaki, hata kama hakukusudia.

2021–2024: Ndani ya kerneli

Mwezi Aprili 2021 Miguel Ojeda, kutoka Hispania, alituma kwa waandishi wa Linux pendekezo la kuruhusu Rust ndani ya kerneli. Hakupendekeza kuandika upya kilichopo, bali kwamba draiva mpya ziweze kuandikwa kwa Rust, ubavuni mwa mamilioni ya mistari ya C. Torvalds hakuwa na haraka, lakini hakukataa. Tarehe 11 Desemba 2022 ikatoka Linux 6.1, ya kwanza kuwa na Rust, kwa hadhi ya majaribio. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikaeleza kwamba imeanza kuingiza Rust ndani ya kerneli ya Windows.

Kwa kompyuta kama zetu, Linux 6.1 iliikubali Rust kwenye aina moja tu ya prosesa: Intel na AMD za biti 64. Mwaka 2024 zikaongezeka ARM za biti 64, LoongArch ya China na RISC-V. Intel za biti 32 hazikuwamo.

Sababu si dharau. Ndani ya kerneli ya Intel za biti 32, sehemu moja ya programu inapoiita nyingine, vitu vitatu vya kwanza inavyoikabidhi hupitishwa kwenye rejista za prosesa badala ya kumbukumbu, ili kuokoa muda. GCC inaijua desturi hiyo. Kompaila ya Rust haikuijua: ingeweka vitu sehemu moja, C ikavitafuta kwingine, na mashine ingeanguka hapohapo. Baadaye Rust ikaongezewa chaguo la majaribio la kufuata desturi hiyo. Hivyo ndivyo prosesa ya zamani inavyopata nafasi: mtu anakaa, anaitafuta tofauti moja, anaiziba, kisha anaitafuta inayofuata. Kasoro ya pili inahusu namba za biti 64 zinazopaswa kubadilishwa kwa pigo moja bila kuingiliwa. Pentium ya 1993 ilikuja na amri ya kufanya hivyo, 486 iliyoitangulia haina, na baadhi ya prosesa nyingine za biti 32 hazina pia. Msimbo wa Rust unaotegemea namba hizo hauna pa kusimama kwenye mashine hizo.

2024–2025: Ugomvi na uamuzi

Kuingiza lugha ya pili kwenye kazi ya watu wenye miaka thelathini ya C hakukuwa kwepesi. Agosti 2024 Wedson Almeida Filho, mmoja wa nguzo za Rust ndani ya Linux, alijiuzulu akisema amechoshwa na mabishano yasiyo ya kiufundi. Mwanzoni mwa 2025 Christoph Hellwig, mtunzaji mkongwe, alipinga vikali msimbo wa Rust wa kuunganisha draiva na eneo analolisimamia, akihofia kwamba kerneli ya lugha mbili haitatunzika. Torvalds akaamua kwamba mtunzaji asiyetaka Rust halazimiki kuigusa, ila hana mamlaka ya kuwazuia wengine kuitumia nje ya eneo lake. Mwezi Desemba 2025, watunzaji walipokutana Tokyo, wakakubaliana kwamba majaribio yamekwisha: Rust imo ya kudumu.

Je, Pentium 4 ya shule imeshafungiwa mlango? Bado. Kerneli inaweza kujengwa bila Rust kabisa, na draiva kubwa zilizoandikwa kwa Rust pekee ni za vifaa vipya, kama vichakata picha vya Nvidia vya karibuni. Binder, kiungo kikuu cha mawasiliano ndani ya simu za Android, kilipata toleo la Rust katika Linux 6.18 ya mwishoni mwa 2025, lakini hicho ni cha simu. Hatari itakuja siku sehemu ya msingi, ambayo kila mashine inaihitaji, itakapoandikwa kwa Rust tu.

Kwa kweli milango ya biti 32 ilianza kufungwa kabla Rust haijagonga hodi, na mkono ulioifunga ulikuwa wa uchovu. Msaada wa 386, prosesa iliyozaa Linux yenyewe, uliondolewa Desemba 2012. Mwaka 2018 prosesa nane zilifutwa kwa mkupuo katika Linux 4.17 kwa kukosa watumiaji. Prosesa ya Itanium ikafuata 2023. Mwaka 2025 mtunzaji wa kerneli Ingo Molnar akapendekeza kuiondoa 486, kwa sababu msimbo wa kuigiza amri ambazo prosesa hiyo haina unawapotezea muda watu wanaotunza mashine zinazotumika kweli. Agosti 2025 Debian 13 ikatoka bila toleo la kusimika kwenye kompyuta za biti 32. Firefox nayo ikatangaza kuacha Linux ya biti 32.

Halafu tarehe 31 Oktoba 2025 Julian Andres Klode, anayetunza apt, programu ambayo Debian na Ubuntu huitumia kusimika programu nyingine zote, akatangaza kwamba kuanzia mapema kabisa Mei 2026 apt itadai Rust. Wanaozitunza Alpha, PA-RISC, Motorola 68000 na SuperH walipewa miezi sita: watafute kompaila inayofanya kazi au wazistaafishe. Apt ni miongoni mwa amri za mwanzo anazofundishwa mwanafunzi wa Debian au Ubuntu.

Wanaojenga daraja

Kuna watu ambao hawakukubali kwamba mambo yaishie hapo, na hawapati sifa wanayostahili. Kundi la wapenzi wa Motorola 68000 liliifanyia LLVM sehemu ya prosesa yao, ikapokelewa 2021, na Rust ikapata njia ya kufika kwenye prosesa iliyotoka 1979. Antoni Boucher ameunganisha kompaila ya Rust na GCC, ili mbele ibaki Rust ileile na nyuma itoe amri kwa prosesa yoyote ambayo GCC inaijua. Na kundi lililoanzia kwa Philip Herron linaandika upya uelewa wote wa lugha ya Rust ndani ya GCC yenyewe. Msimbo wao ulianza kuingizwa kwenye GCC 13 ya mwaka 2023, ingawa haukuwa tayari kwa matumizi ya kawaida. Njia hii ya mwisho ni ndefu kuliko zote, na ndiyo ninayoitumainia zaidi, kwa sababu itairudishia Rust kile kilichoifikisha C kila mahali: mtu mmoja mwenye mashine isiyo ya kawaida ataweza kuihudumia bila kungoja kampuni.

Wimbi linalokuja

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha nane au baada yake, kwa hiyo maofisi ya Ulaya na Marekani yanaachana na mamilioni ya kompyuta za Core i3 na i5 za vizazi vya nyuma. Sehemu ya mashine hizo itapita bandari ya Dar es Salaam, na baadhi zitashushwa Maili Moja ya Kibaha na Kisarawe mjini kama msaada wa shule.

Kwa hesabu ya Microsoft mashine hizo zimezeeka. Kwa hesabu ya Linux ni za biti 64, yaani prosesa ileile ambayo Rust iliingia nayo kwenye kerneli siku ya kwanza. Hazina cha kupoteza kwenye mabadiliko yote niliyoyasimulia, na ziko tayari kupokea draiva za Rust zitakazoandikwa. Mkuu wa shule anayeulizwa na mfadhili anataka nini anaweza kudai hilo moja kwa maandishi: biti 64, Core 2 Duo kwenda juu, kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi. Zikishafika, mwalimu wa kompyuta aandike lscpu kwenye dirisha la amri la Linux na kusoma mstari unaotaja aina za utendaji wa prosesa. Ukionyesha biti 32 na 64, mashine ina miaka mingi mbele yake. Ukionyesha 32 peke yake, isiwekewe Debian 13 wala isiunganishwe na intaneti bila mpango. Kwa hizo kuna kerneli zinazotunzwa kwa muda mrefu, kama Linux 6.12 ambayo mradi wa Civil Infrastructure Platform umeahidi kuipatia viraka vya usalama kwa miaka kumi, ikiwa imeandikwa kwa C karibu yote na ikijengeka bila Rust kwenye Pentium 4.